Uzi wa Embakasi

Ofisi yetu ya mipango ya safari pale uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ilikuwa na tufe la dunia juu ya kabati, na mkuu wa zamu, mzee mmoja wa Kisumu, alimfundisha kila kijana mgeni kwa uzi. Shika ncha moja Nairobi, nyingine London, vuta mpaka ukaze. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote: Sudan, Libya, Bahari ya Mediterania, Italia, milima ya Alpi. Kilomita 6,840 hivi. Kisha alitukumbusha kwamba ndege hupita palipo na ruhusa ya wenye nchi, na mara nyingi yetu ilitua kwanza Entebbe au Roma.

Super VC10 za East African Airways zilikwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa saba na nusu na ushei. Jibu hilo halikumtosha rubani. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hayapati cha kuegemea. VC10 iliundwa kwa viwanja vya namna hiyo, injini zake nne zimewekwa mkiani ili bawa lifanye kazi yake bila kizuizi.

Halafu upepo. Sisi wa pwani tulikua na kusi na kaskazi. Huko juu, mita 10,000 na zaidi, kuna mwingine utokao magharibi, unaovuma juu ya Libya na Misri, mkali zaidi Desemba hadi Machi. Humsukuma anayekuja Nairobi, humzuia anayekwenda London. Umbali ni ule ule, lakini kwenda ni kurefu kuliko kurudi, na tofauti hiyo tuliilipa kwa tani za mafuta.

Mapema 1977 shirika lilisimama. Nchi tatu zilizolimiliki hazikuelewana juu ya fedha, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Sisi wa Tanga, Moshi na Dar tulifunga mizigo. Nairobi hadi Dar es Salaam ni kilomita 670, saa moja na dakika chache angani, safari niliyoweza kuiandika bila kufungua kitabu. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka yote hiyo marafiki zangu wa Nairobi walikuwa mbali nami kuliko watu wa London. Hilo liliniuma kuliko kazi niliyoipoteza, na linaniuma bado.

Kati ya Super VC10 tano za shirika, moja ilikuwa imeangamia Addis Ababa, Aprili 1972, pamoja na watu 43. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Mojawapo, 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, mwaka 1970, na 5H ni alama ya Tanzania. Iliruka hadi Septemba 2013. Wameihifadhi huko huko Uingereza, nami nawashukuru kwa kuitunza, ila kwa maoni yangu mahali pake ni Dar es Salaam.