Vitabu Visivyo na Risiti

Basi dogo lilitoka Arusha saa moja asubuhi, na kabla hatujafika Longido nilikuwa nimeshaitoa tena ile karatasi mkobani. Wasichana wangu wa kidato cha tatu waliichana kwenye kaunta buku wakaijaza pande zote mbili. Walitaka riwaya za mapenzi "zisizo na mawaidha". Walitaka za majini. Walitaka za kijasusi, "kama zile alizosoma mwalimu zamani", na hilo zamani niliwasamehe. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: COLLEEN HOOVER. Mkuu wa shule alikuwa amenikabidhi fedha za maktaba kwa sharti moja tu, kwamba kila senti irudi na risiti.

Nairobi sikuwa nimewahi kufika, ila kwa miaka mingi nilijiona mwenyeji wake. Nilipokuwa bwenini tulikuwa na nakala moja ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka 1974, imepoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo kila mtu aliingia kwenye hadithi mambo yakiwa yameshachacha. Nyaraka za siri zimeibwa, na jasusi Willy Gamba anazifuata Nairobi. Kabla yake tulishapitia upelelezi wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula ya 1965. Baadaye akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa maneno "kwa vijana" juu yake, na vijana ndio tuliovisoma mpaka vikaachia gundi.

Namanga siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Nje, akina mama wa Kimaasai waliningojea na shanga. Kutoka hapo ni nyika tupu mpaka Kajiado, kisha vumbi la viwanda vya saruji vya Athi River, kisha foleni ya magari, na juu ya foleni ile barabara ya kulipia inayopita hewani kutoka Mlolongo hadi Westlands. Willy Gamba asingeitambua.

Maonyesho ya vitabu ya Nairobi hufanyika Septemba pale Sarit Centre. Ni mahali pa kupendeza: zulia, taa, watoto wa shule kwa mistari. Nilikwenda meza kwa meza na swali lile lile: mna nini kwa msichana wa miaka kumi na sita? Na meza baada ya meza nilijibiwa, "Hiki kimeidhinishwa, mwalimu." Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha vilipangwa kama matofali, kwa kuwa ndivyo vinavyotahiniwa, na pembeni yake miongozo, mwongozo juu ya mwongozo. Kijana mmoja mchangamfu alinitafutia riwaya ya mapenzi. Nikaipitia nikiwa nimesimama. Sura ya pili msichana ana mimba, sura ya tano kafukuzwa nyumbani, na ya mwisho anawahutubia wenzake paredi. Nilimshukuru.

Simlaumu mchapishaji. Mnunuzi wake ni serikali na shule, na shule hainunui kitu ambacho mzazi atakuja kukilalamikia ofisini. Ila ikitokea kitabu cha mtihani kikawa na safari ya kweli ndani yake, wanafunzi wanakipenda hata wakiwa wamelazimishwa. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ni ushahidi: Kongowea anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale, na nimewahi kukutana na watu wazima wanaomzungumzia kama mtu waliyesoma naye darasa moja. Nilinunua nakala kadhaa, nikapewa risiti safi.

Siku iliyofuata nilishuka mjini, Tom Mboya Street. Vitabu vilitandazwa kwenye nailoni kandokando ya njia, na muuzaji alikuwa amevipanga kwa mafungu aliyoyajua mwenyewe. Nilipoinama nikaona kuwa fungu la wanafunzi lilikuwa kalenda kamili. Chini kabisa wanyonya damu wa Twilight, wa 2005. Juu yao The Hunger Games ya 2008 na Divergent ya 2011, watoto wanaopigana na serikali katili. Kisha The Fault in Our Stars ya 2012, wapenzi wagonjwa wa saratani. Twilight moja ilikuwa na muhuri wa maktaba ya Uingereza, umepigwa mwingine juu yake kuonyesha imeondolewa rafuni. Vitabu hivi huja kwenye mitumba, miaka mingi baada ya wenyewe huko kuvichoka.

Colleen Hoover hakungoja meli. It Ends with Us ilitoka 2016, ikavuma upya kupitia TikTok, na sasa ilikuwepo pale ikinukia wino, karatasi nyeupe mno, picha ya jalada imefifia, kurasa zimekatwa upande. Chapa ya wizi. Mwandishi hapati hata shilingi hapo, nikairudisha chini, nikijua fika nitakavyopokelewa shuleni.

Wakati napekua alikuja msichana mwenye sweta la shule, akatoa riwaya begini bila kusema neno. Muuzaji akaipitishia kidole gumba ukingoni kuangalia kama kurasa zimetimia.

"Ongeza hamsini, uchukue ingine."

"Ya last time nilikupea soo, aki."

"Arobaini basi. Na usikunje."

Msichana huyo ndiye aliyenichagulia The Equatorial Assignment ya David Maillu, ya 1980, katika mfululizo wa Pacesetters: jasusi wa Kiafrika Benni Kamba, namba 009, mbili zaidi ya Mwingereza. Nilipouliza za majini, muuzaji alicheka. "Madam, hizo si ziko kwenu Tanga?"

Kweli ziko kwetu, lakini kwenye simu, sehemu ya kwanza mpaka ya sabini, na simu bwenini haziruhusiwi. Wasichana huzinakili likizo kwenye madaftari, wakarudi nazo. Nimewahi kunyang'anya daftari moja kipindi cha sarufi nikalisoma hadi usiku wa manane.

Niliomba risiti. Muuzaji alinichania kipande cha boksi, akaandika "Vitabu mix" na jumla, akaweka sahihi. Mhasibu wetu namfahamu. Nikalipa kwa fedha yangu.

Vitabu vya Sarit viko maktaba, vimepigwa muhuri na kuingizwa kwenye rejista. Vya Tom Mboya Street haviwezi kuandikishwa, kwa hiyo viko kabatini kwangu, na foleni ya kuviazima inasimamiwa na msichana wa kidato cha pili, ambaye nasikia anatoza kalamu moja kwa kila anayetaka kurukishwa.