Nilimpakazia dada wa watu, kumbe ni chavua

Wadau wangu, leo sina ubuyu wa mtu. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe, na hauna utamu.

Mwaka jana mwezi wa nne niliweka hapa picha ya muimbaji mmoja wa kike, jina nalihifadhi. Mtoto wa Dar, ila miaka kadhaa sasa anaishi Berlin. Alikuwa laivu anapiga stori na mashabiki, macho mekundu yamevimba, pua anafuta kila dakika, sauti imekauka. Nikakata kipande, nikaandika juu yake: "Jamani, kulikoni?" Maneno mawili tu. Yaliyobaki mlimalizia nyie. Mara anabwia unga, mara anapigwa na mzungu wake. Posti ile ilitembea kuliko zote nilizowahi kuandika, na mimi nikawa nahesabu watazamaji huku nachekelea.

Siku ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti. Hakutukana. Alisema majirani wamempigia simu mama yake Temeke mpaka presha imepanda, na kuna mtu alikuwa ampe shoo, ameghairi. Chini akaweka skrinshoti ya utabiri wa hali ya hewa. Nikajua ni mambo ya mvua. Wapi!

Ilikuwa utabiri wa chavua. Ile ile tuliyosoma kwenye baiolojia tukidhani ni kazi ya nyuki tu. Kumbe kuna miti haisubiri nyuki, inategemea upepo. Mmojawapo una gome jeupe, Wajerumani wanauita Birke. Mitaani Berlin umejaa, na mwezi wa nne ndio unamwaga haswa. Chembe yake ni ndogo mno, ila mwenye aleji akiivuta mwili unaipiga vita kama adui: chafya, macho kuwasha, pua kuziba, wengine mpaka kifua kinabana. Na aleji hii si lazima ikuanze siku unayofika. Yeye miaka miwili ya mwanzo alikuwa mzima kabisa, wa tatu ndio ikamdaka.

Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba wenzetu wanaitabiri. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani inatoa alama za chavua kwa kila eneo, kuanzia 0 mpaka 3, za leo na kesho. Kuna mashine zinavuta hewa lita 10 kwa dakika, chembe zinanasa kwenye utepe unaonata, halafu mtu anakaa na hadubini anazihesabu. Hapo wanachanganya na hali ya hewa. Baridi ikiisha mapema na joto likapanda, miti inawahi kutoa maua. Siku kavu yenye jua na upepo, chavua inasafiri mbali. Mvua ya kutosha ikinyesha, hewa inasafishika.

Sasa siku ya ile laivu, skrinshoti ilisoma 3. Alama ya juu kabisa! Jua lilikuwa linawaka siku kadhaa bila tone la mvua. Sisi tungesema hali ya hewa nzuri, twende zetu ufukweni. Kwake yeye ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Nilifuta posti, nikamuomba radhi, nikampigia na mama yake. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimeshafuta." Akaitikia vizuri tu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umefuta kwenye simu yako. Kwenye simu za watu je?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Siku hizi dada anaangalia utabiri kila asubuhi kama sisi tunavyoangalia matokeo ya mpira. Ikisoma 3, anafunga madirisha, dawa aliyoandikiwa na daktari anameza mapema, jioni anaosha nywele kabla ya kulala ili asilale na chavua kitandani. Laivu anasubiri mvua inyeshe kwanza. Na mimi nina utaratibu wangu: kabla sijaandika "kulikoni", namuuliza mwenyewe.

Kama na wewe una aleji na watu walishakufikiria vibaya, tupe stori yako hapo chini. Mwenye matusi anitukane mimi, nimestahili. Dada mwacheni apumue.