Bia Chachu ya Pashoni: Haijaharibika, Tulieni

Kama hujafikisha miaka 18, hii posti ruka, tupatane kwa ingine.

Haya. Juzi nimeonja bia chachu ya pashoni, ya kiwanda kidogo hapa Nairobi. Rangi ya machungwa, nzito kama juisi ya mtaa, na povu halikai. Fundo la kwanza ulimi unajikunja, mashavu yanavutana kama umemung'unya ukwaju. Ule uchungu wa bia husikii kabisa. Pashoni inafika fundo la pili.

Boyi wa meza ya pili akaniambia, "Hiyo imeharibika, rudisha." Zii! Huo uchachu ni wa makusudi. Wapishi wengi wa hizi bia huweka Lactobacillus, jamii ile ile ya bakteria inayogandisha mala, ndio hamira na matunda zifuate. Ubelgiji wametia cheri kwa bia chachu tangu kitambo, wanaiita kriek, na hakuna mtu anarudisha.

Sasa kwenye mimi huboeka ni hapa. Busaa ya kukhu wangu pia inachachushwa na bakteria za jamii hiyo, tena bila maabara, lakini hiyo mnaiita ya washamba. Hii ya glasi, bei ya lanchi zangu mbili, mnaipiga picha kwanza.

Alama? Saba kwa kumi. Wameongeza sukari ya maziwa na inaacha utamu mzito kooni. Kama maziwa hukusumbua tumbo, uliza kabla ulipe. Mimi natafuta ya ukwaju. Kama kuna msee Mombasa anaipika, aniandikie inboksi.