Kodi iliyokatwa kwenye riba ya akiba: ipi inarudi, ipi hairudi

Mpunga wa bonde la Ruvu ukishauzwa, maswali ninayopata hapa Vigwaza hubadilika. Viwavi na mbolea vinapumzika, naulizwa mambo ya benki: "Bwana shamba, mimi silipi kodi, mbona riba yangu imekatwa? Nifanyeje irudi?"

Nikujibu bila kuzunguka. Ukiweka akiba yako binafsi benki hapa Tanzania, benki inakata asilimia 10 ya riba na kuipeleka TRA. Hiyo inaitwa kodi ya zuio. Kwa mtu binafsi mkazi wa nchini, ambaye riba hiyo si ya biashara, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema kodi hiyo ni ya mwisho. Ikishakatwa kwa usahihi hudaiwi zaidi, na wewe huwezi kuidai kwa hoja kwamba kipato chako ni kidogo.

Najua inauma. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato. Muuza genge ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya makadirio. Lakini riba inakatwa kuanzia shilingi ya kwanza. Sheria inaitazama riba, haimtazami mwenye riba. Mimi naona jambo hili linafaa kuzungumzwa na wawakilishi wetu, ila kwa leo ndiyo sheria iliyopo.

Kwa nini watu wanaamini inarudi? Wengine wamesikia kwa ndugu walioko nje. Uingereza, kabla ya Aprili 2016, benki zilikuwa zinakata asilimia 20 ya riba, na asiyestahili kulipa kodi alijaza fomu akarudishiwa. Huko ni huko. Jirani zetu Kenya wanakata asilimia 15, nayo kwa mtu binafsi ni ya mwisho.

Na hapo ndipo vishoka wanapopatia riziki. Mama mmoja wa hapa kwetu alimpa mtu shilingi 20,000 "afuatilie" makato ya shilingi 16,000. Hebu piga hesabu hiyo. Hata angefanikiwa, mama angebaki na hasara. Hakufanikiwa, na simu sasa haipokelewi.

Tuone hesabu yenyewe. Umeweka shilingi 2,000,000 kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba ni shilingi 160,000. Kodi ni shilingi 16,000. Unabaki na 144,000, na ile milioni mbili yako haijaguswa. Kwa hiyo unapolinganisha benki, usiulize riba tu. Uliza: "Baada ya kodi, mkononi napata ngapi?"

Kuna pesa unayoweza kudai, nayo ni ile iliyokatwa kimakosa. Fanya hivi:

1. Omba taarifa ya akaunti. Tenganisha kodi ya zuio na ada za benki. Ada si kodi, TRA hawawezi kukurudishia.

2. Gawa riba kwa kumi. Kama kodi imezidi hapo, au imekatwa mara mbili kwa riba ileile, una hoja.

3. Anza na benki, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Usiporidhika, peleka malalamiko Benki Kuu.

4. Kama pesa iliyozidi imeshapelekwa TRA, andika ombi la kurejeshewa ukiwa na TIN yako, taarifa ya akaunti na cheti cha kodi ya zuio kutoka benki. Usikae nalo: muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa.

Kampuni na vyama hesabu yao ni nyingine. Kwao makato hayo si lazima yawe ya mwisho, yanaweza kuhesabiwa kwenye ritani ya mwaka. Mweka hazina, tunza kila cheti, kisha uliza ofisi ya TRA inayowahudumia.

La mwisho, na ndilo linalonisumbua zaidi. Wapo waliokasirikia makato wakatoa pesa yote na kuirudisha chini ya godoro. Wengine waliivunja akaunti kabla ya muda, riba yote ikapotea. Ndugu yangu, usipoteze 144,000 kwa hasira ya 16,000. Chini ya godoro hakuna kodi, lakini hakuna riba pia, na panya, moto na wezi hawatoi risiti.

Ukiwa na taarifa ya akaunti usiyoielewa, njoo nayo ofisini ya kata tuisome pamoja. Namba ya siri iache nyumbani. Hiyo usimpe mtu yeyote, hata mimi.