Mashine ya mjomba na draiva nilizounguza

Najua nimepotea sana. Kuna walionitumia meseji wakidhani nimedisko. Hapana, nipo! Likizo yote nilikuwa nyumbani Matai. Kwa wasiojua, Matai ni makao makuu ya wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, kilometa 50 na ushee kutoka Sumbawanga mjini. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo unatokea Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Baridi ya huko mwezi wa saba siisemi, nyie wa pwani mngelia.

Basi bwana, nina mjomba ana karakana. Anatengeneza mashine za kusaga mahindi, plau na mikokoteni ya ng'ombe. Miaka miwili iliyopita alinunua mashine ndogo ya milingi, iliyotumika, ya kusimama juu ya meza. Unazungusha gurudumu kwa mkono, meza inasogea, kisu kinachonga chuma. Sasa mjomba aliona kwenye simu mashine kama yake ikijiendesha yenyewe kwa kompyuta, ile wanayoita CNC. Akauza magunia ya mahindi, akanikabidhi laki 6. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye msomi wa fizikia. Nichagulie vifaa." (Kwetu tunaitana mjomba wote wawili, msishangae.)

Laki 6 mkononi, na huyu ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita. Mnaelewa uzito wake.

Nikajifungia na simu siku tatu nikisoma. Niliona njia tatu. Ya kwanza ni kununua sanduku la kontrola lililokamilika, unachomeka tu. Zuri, lakini bei yake peke yake ingemeza hela yote. Ya pili ni kompyuta ya mezani ya zamani yenye programu ya Mach3, inayotoa ishara kupitia lile tundu pana la printa za zamani. Shida ni kwamba laptopu za siku hizi hazina tundu hilo, na kwa njia hiyo ya printa Mach3 inataka Windows ya biti 32. Kompyuta ikifa unaanza kusaka nyingine ya kizee. Ya tatu ni Arduino Uno, kibodi kidogo kinachoenea kiganjani, na programu ya bure inayoitwa Grbl, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 2009.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba kibodi kidogo vile hakiwezi kuendesha mashine ya chuma. Nikapiga hesabu. Mota za stepa huenda hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ukigawa kila hatua mara 8 ili itembee laini, ni mipigo 1,600. Skrubu ya meza ya mjomba inasogeza milimita 2 kwa mzunguko, kwa hiyo ni mipigo 800 kwa milimita. Kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde, ambao ni mkubwa kwa mashine ile, unahitaji mipigo 8,000 kwa sekunde. Grbl kwenye Uno inaweza kufika 30,000. Kumbe inatosha na chenji inabaki!

Nilifurahi, na hapo ndipo nilipoharibu. Kibodi kinatoa ishara tu, hakiendeshi mota. Katikati kuna draiva, inayopokea ishara na kusukuma umeme wenyewe kwenda kwenye mota. Mimi nikachukua zile ndogo za A4988, kwa sababu zilikuja pamoja na bodi ya kuzipachika na bei ilikuwa ya mteremko. Mota nilizonunua zinataka ampea 2.8. A4988 inaandikwa ampea 2, na bila kupoozwa vizuri inabeba kama 1 tu. Namba zote hizi nilikuwa nazo kwenye daftari. Sikuziweka mstari mmoja nikazilinganisha, basi.

Siku ya majaribio karakana ilijaa watu. Mota ikaunguruma, meza ikatikisika, haikwenda. Nikaongeza mkondo. Draiva ikachemka hadi haishikiki. Nikadhani waya umelegea, nikauchomoa wakati umeme unawaka. Paa! Moshi. Nikahamia mota ya pili, nikarudia ujinga ule ule. Moshi tena.

Jamani, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wanafunzi wa sekondari kufundisha induksheni! Koili yenye mkondo ukiikata ghafla, volteji inaruka juu na kuua kilicho karibu. Nimeijibu kwenye mtihani nikapata A. Kwenye karakana sikuikumbuka.

Mjomba hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu. Jioni alikaa kwenye gogo nje akaniuliza: "Hivi mjomba, ukisharudi chuo, hiki kikifa nani atakitengeneza?" Sikuwa na jibu. Siku zote tatu nilikuwa nauliza bei na kasi, swali hilo sikulifikiria kabisa.

Usiku ule nilikumbuka malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Yalivuta hewa yenyewe, bila mivukuto. Waliyajenga kwa udongo wa hapo hapo, na lilipobomoka wenyewe waliweza kujenga lingine. Nikaanza kuchagua upya kwa kufuata hilo.

Arduino nikaibakiza, maana bei yake ni ndogo na mjomba anaweza kuweka ya akiba kabatini, tayari ina programu. Draiva nikahamia TB6600, tatu, kila moja na kisanduku chake. Moja ikifa unafungua skrubu unabadilisha hiyo tu, bodi nzima haiguswi. Inaandikwa hadi ampea 4, na mkondo unaupanga kwa viswichi vidogo ubavuni, ambavyo hata kijana wa karakana anavisoma. Nililipa kwa hela niliyokuwa nimebakiza kwenye boom. Ndiyo maana mkiniona napiga chipsi kavu semista hii msiulize.

Kikabaki suala la umeme. Rukwa kwa miaka mingi tumetumia umeme unaonunuliwa Zambia, na kukatika tumezoea. Sasa fikiria: umeme ukikatika, laptopu ina betri, inaendelea kutuma ishara huku mota zimelala. Kompyuta inaamini imeshachonga, kumbe meza haijasogea. Mbaya zaidi, umeme ukirudi mota zinaweza kuanza kusukuma chuma kwenye kisu ambacho hakizunguki. Kisu kinavunjika. Kwa hiyo pawa saplai ya mota tumeipitisha kwenye kontakta moja na mota ya kisu. Umeme ukirudi vyote vinabaki vimezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Tumeweka pia swichi za kikomo, ili mashine irudi mwanzo na kujua ilipo. Wazo la kontakta ni la mjomba, si langu. Alilitoa kwenye mashine za kusaga.

Siku mbili kabla sijasafiri tulifunga kalamu ya bik mahali pa kisu, tukaiamuru ichore duara. Ikachora! Halikuwa duara kamili, lina kona ndogo nne, kwa sababu skrubu zinacheza, na hilo hakuna draiva itakayolitibu. Itabidi nati zibadilishwe. Lakini karatasi ile mjomba ameiweka kwenye droo pamoja na risiti zake.

Kijana wake nimemwandikia daftari kwa Kiswahili: waya upi unakwenda wapi, ampea ngapi, na ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa USICHOMOE MOTA UMEME UKIWAKA. Jana alinipigia, amebadilisha Arduino mwenyewe kwa kujaribu, na mashine imewaka.

Haya, nakimbia kipindi cha saa nane. Mwenye chipsi mayai anikumbuke!