Nani Aliyekufundisha Kumpinga?



Neno "kura" tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuiachia bahati iamue. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiswahili askari waliyapigia kura mavazi ya Yesu, ingawa hawakuwa wakimchagua kiongozi. "Raia" nalo, katika asili yake, lagusa kundi linalochungwa. Kila ninapofundisha habari za uchaguzi huanza na maneno haya mawili. Wanafunzi wangu hucheka, kisha hunyamaza.

Wengi wao wamezaliwa Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wapinzani wa Kamuzu Banda. Baadhi wametimiza miaka kumi na minane na hawana sanduku la kura popote. Hapa Malawi ni wakimbizi. Kongo nayo, katika uchaguzi wa Desemba 2023, iliwapigisha kura raia wake wa ng'ambo katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani.

Usidhani, kwa hiyo, kwamba hawana msimamo. Siku moja niliwataka waandike kwenye kikaratasi, bila kutaja majina yao, mwanasiasa wanayempinga kuliko wote, na chini yake aliyewafundisha kumpinga. Baba. Mjomba. Mhubiri. Sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kwa WhatsApp, msemaji hajulikani. Mmoja aliandika: "Nilimkuta nyumbani," kana kwamba chuki ile ni kabati la urithi.

Siwezi kuwalaumu wazazi. Aliyekimbia Fizi au Uvira usiku, akiwa na mtoto mgongoni, ana sababu za kuamini anayoyaamini. Lakini mtoto amerithi kovu bila kidonda, wala hajui aulize nini ili aujue ukweli wake.

Nikitoka huko hurudi ninakopanga, Area 49, mjini Lilongwe. Wamalawi nao wana urithi wao: kwa muda mrefu Kanda ya Kati imekuwa ya MCP, na Kusini ya DPP. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Baadhi ya fomu za matokeo zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe, watu wakaandamana miezi mingi, na tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikabatilisha matokeo. Katika uchaguzi wa marudio wa Juni, Lazarus Chakwera akashinda. Septemba 2025 wakakutana tena wawili hao. Mutharika akapata takriban asilimia 57, naye Chakwera akakubali kushindwa kabla tume haijatangaza.

Jirani yangu, mama muuza nyanya, ni wa Kanda ya Kati kwa kuzaliwa na kwa nyimbo. Nilimuuliza iwapo safari hii alibaki na chama chake. "Aphunzitsi," akanijibu, "chama nilipewa na mama. Mahindi nanunua mwenyewe." Jibu hilo nimelipeleka darasani mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Nimewapelekea pia habari za Beni. Desemba 2018 wakuu wa Kongo waliahirisha kura huko na Butembo hadi Machi, wakitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya akaapishwa Januari. Hata hivyo, siku ya uchaguzi watu wa Beni walipanga foleni na kupiga kura walizojitengenezea. Je, lilikuwa igizo? Darasa liligawanyika vikali. Mimi naona walikuwa wakionyesha kwamba wapo, na kwamba wanaweza kuhesabika.

Wiki iliyofuata wanafunzi walidai uchaguzi wa kiranja urudiwe kwa utaratibu wao: kura zisomwe kwa sauti, fomu ibandikwe ukutani, wagombea watie sahihi. Ikawa 19 kwa 18. Aliyeshindwa, kijana aliyekuwa akiapa kwamba kila uchaguzi duniani umeibwa, aliomba vikaratasi vimwagwe tena mezani. Akavihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, huku mpinzani wake akimsimamia. Akarudia. Kisha akaomba kalamu.