Voi si Ndovu Tu

Msomaji, wengi huijua Voi kwa ndovu wa Tsavo pekee. Safari hii, wewe na jamaa yako mkishuka Voi, pandeni matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Barabara hujipindapinda mlimani, joto la nyika likabaki chini, na punde mtahitaji sweta.

Huko Wataita wa kale walikuwa na mahali pao patakatifu: mapango ya mafuvu. Maiti alizikwa, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa mwambani pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Ukame ukizidi, wazee walikwenda hapo kuomba. Desturi hiyo ilififia Ukristo ulipoenea; misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianzishwa mwaka wa 1892. Hata hivyo, mafuvu mengine yangali pangoni.

Basi nendeni kwa adabu. Tafuteni mwenyeji awaongoze, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, wala msiguse wala kuokota chochote. Hayo si mapambo ya kuwafurahisha watalii. Ni mababu wa watu wanaolima mboga na mahindi papo hapo mlimani. Je, wewe ungependa mgeni achezee kaburi la babu yako?